Maoni, Kura na Hundi: Jinsi ya Kumsikiliza Mbunge Wako

Jumamosi moja nilikuwa matangani katika ukanda wa miwa, mahali ambapo Waluo na Waluhya wanapakana, kwa hivyo hotuba zote huishia kuwa za Kiswahili. Sitataja eneobunge. Hotuba yenyewe ungeweza kuisikia Muhoroni, Mumias au Malava bila kubadilisha zaidi ya jina la soko. Mheshimiwa alifika saa saba, jeneza likiwa limeshatolewa nje na kuwekwa chini ya hema. Mwongoza programu akampa kipaza sauti na kumwomba azungumze kwa dakika tano. Alichukua ishirini na tatu. Nilihesabu kwa sababu jua lilikuwa limeshahamia kwenye viti vyetu.

Katika dakika hizo alisema ushuru wa nyumba unaumiza. Akasema yeye aliukataa Mswada wa Fedha wa 2024. Akasema SHA, bima ya afya ya serikali, itakaa sawa tukiipa muda, bei ya miwa itapanda, na barabara ya kwenda sokoni ataitia lami. Hundi za basari ziko tayari, wazazi wafike ofisini Jumatatu na barua ya chifu. Dawa zikikosekana zahanatini, tumuulize gavana. Na serikali jumuishi, ile ya vyama vya UDA na ODM kushirikiana, alisema, imetufungulia mlango. Akaacha bahasha ya familia, akapigiwa makofi, magari yakaondoka na vumbi lake.

Jioni, kwenye stendi ya bodaboda, ubishi ukaanza. "Huyu ndiye anatuletea barabara." "Barabara ni ya gavana, bwana." "Gavana gani? Greda ilikuja na nambari ya serikali kuu." "Na ushuru je, si yeye aliupitisha?" "Ametuambia mwenyewe alikataa." Mzee mmoja aliyekuwa akingoja bodaboda ya kumpeleka nyumbani akauliza swali lililowanyamazisha wote kidogo: "Alikataa wapi? Hapa matangani, ama huko Nairobi?"

Swali la mzee ndilo nitakalojaribu kulijibu hapa.

Chungu kimoja, vitu vitatu

Mbunge anaposimama mbele ya watu huwa anapakua vitu vitatu kutoka chungu kimoja, na msikilizaji anavila bila kuvitenga.

Cha kwanza ni maoni. Hayo ni mawazo yake tu. Hayana nguvu ya sheria. Akisema ushuru wa nyumba unaumiza, mwalimu bado atakatwa asilimia 1.5 ya mshahara mwisho wa mwezi, na mwajiri ataongeza asilimia 1.5 nyingine, kwa sababu ndivyo inavyosema sheria iliyotiwa sahihi Machi 2024. Wewe na mimi tuna maoni kama hayohayo. Tofauti ni kwamba sisi hatupewi kipaza sauti.

Cha pili ni kura, ile anayoipiga ndani ya Bunge. Hapo ndipo kazi yake ilipo. Ibara ya 95 ya Katiba inasema Bunge la Taifa linawakilisha wananchi, linatunga sheria, linagawa mapato kati ya serikali kuu na kaunti, linaidhinisha matumizi ya serikali kuu, na linawachunguza wanaotumia pesa hizo. Isome mara mbili ukitaka. Hutakuta mahali pameandikwa kujenga darasa, kununua basi la shule wala kumwaga murram.

Cha tatu ni hundi. Hizi ni pesa zinazotembea huku nyumbani kwa jina lake, hasa hazina ya maendeleo ya maeneobunge, NG-CDF, ambayo watu wengi bado huiita CDF tu. Bahasha ya matanga siihesabu hapa. Hiyo inatoka mfukoni mwake, au ndivyo tunavyotumaini.

Sasa angalia jinsi tunavyompima. Hundi tunaiona kwa macho, inapigwa picha ikiwa kubwa kama mlango. Maoni tunayasikia kwa masikio. Kura, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote, hatuioni wala hatuisikii. Kwa hivyo mtu anaweza kupiga kura mbaya miaka mitano na kurudishwa Bungeni kwa sababu ya hundi. Anaweza pia kupiga kura nzuri miaka mitano na kutimuliwa kwa kuwa hakuonekana. Wahenga walishasema mkono mtupu haulambwi.

Karatasi sita

Kabla sijaendelea, turudi kwenye kibanda cha kura. Kila mpiga kura wa Kenya hupewa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mwakilishi wa kike wa kaunti, mbunge na mwakilishi wadi. Wawili kati yao, rais na gavana, ndio wanaoendesha serikali na kutumia pesa. Wanne waliobaki kazi yao ni kupitisha sheria na bajeti, na kuwachungulia wale wawili. Mbunge na mwakilishi wa kike wanaichungulia serikali kuu katika Bunge la Taifa. Mwakilishi wadi anamchungulia gavana. Seneta anasimama katikati, akitetea mgao wa kaunti huko Nairobi na kuuliza ulivyotumika.

Ukitaka kuelewa mpango huu huhitaji kusoma sheria, fikiria kamati ya matanga. Watu wanachanga. Jioni kikao kinakaa na kukubaliana: hizi za ng'ombe, hizi za hema, hizi za gari la kubeba mwili. Kisha vijana wawili wanatumwa sokoni. Baada ya mazishi kikao kinakaa tena na vijana wanaeleza kila shilingi, hata ile ya chumvi. Bunge ni kile kikao cha jioni. Mawaziri na idara zao ndio vijana wa kwenda sokoni.

Sasa chukua mjumbe mmoja wa kikao ambaye, pesa zikiwa mezani, anasema fungu hili nitakwenda nalo sokoni mimi mwenyewe. Anarudi na ng'ombe. Huenda ng'ombe ni mnono kuliko wa miaka yote. Lakini kikao kikikaa tena, anaketi upande upi wa meza? Ule wa kuuliza, au ule wa kujibu?

Hiyo ndiyo kesi ya CDF, na ndiyo imekuwa ikizunguka mahakamani miaka zaidi ya kumi.

CDF ilitoka wapi, na kwa nini haifi

Hazina hii ilianza mwaka 2003, serikali ya Mwai Kibaki ikiwa changa, kupitia mswada wa mbunge wa Ol Kalou wakati huo, Muriuki Karue. Wazo lilikuwa rahisi: asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali igawiwe maeneobunge yote kwa fomula. Mtu aliyezaliwa baada ya hapo hawezi kujua uzito wa neno "yote". Enzi za KANU, eneo lililopigia upinzani lilijua litakaa bila lami na bila maji, na mbunge alilazimika kwenda Ikulu kuomba. Nyanza ilikula jeuri yake miaka mingi. CDF ilipokuja, Bondo ya Nyanza ilipata fungu lake kama vile Othaya, nyumbani kwa Kibaki, bila kumpigia mtu magoti. Ndiyo maana ukiikosoa mbele ya mzee aliyejengewa darasa la kwanza la matofali mwaka 2005, atakutazama kama mtu aliyeshiba.

Kisha ikaja Katiba ya 2010 na kaunti 47. Barabara ndogo, zahanati, masoko na chekechea vikahamia kwa gavana. Swali likazuka: sasa mbunge anajenga kwa idhini gani? Agosti 2022 Mahakama ya Juu ilisema sheria ya CDF ya 2013 ilikiuka Katiba, kwa sababu iliwaingiza wabunge katika kazi za utekelezaji na za kaunti. Kufikia hapo Bunge lilikuwa limeshapitisha sheria nyingine, ya 2015, iliyoongeza herufi NG mbele ya jina na kubana miradi ibaki ya serikali kuu, kama vile madarasa ya msingi na sekondari, vituo vya polisi na ofisi za machifu. Tarehe 20 Septemba 2024 Mahakama Kuu ikasema hata hiyo haifai, ikatoa muda hadi 30 Juni 2026 hazina ifungwe. Wabunge wakakata rufaa. Na Julai 2025, wa mrengo huu na wa mrengo ule wakiwa kitu kimoja, walipitisha mswada wa kuiingiza hazina hiyo ndani ya Katiba yenyewe.

Hapo kulitokea jambo la kufurahisha huku kwetu. Raila Odinga, ambaye neno lake katika chama chake cha ODM lilikuwa kama amri, alisema waziwazi kwamba wabunge waachane na CDF na pesa ziende kwa kaunti. Wabunge wake, watu waliokuwa wakimwitikia "Baba" kila anapokohoa, walimkatalia. Kwa mengine yote walimfuata, ila kwa hili hapana. Pima mwenyewe uzito wa hundi.

Watetezi wa hazina huwa na jibu ambalo si la kupuuza. Kisheria, wanasema, mbunge haandiki hundi. Kuna kamati ya eneobunge na kuna afisa wa serikali anayetia sahihi. Ni kweli. Lakini ingia soko lolote kati ya Ahero na Busia uulize basari ni za nani. Utajibiwa "za mheshimiwa". Jina lake limeandikwa ukutani kwa rangi, kubwa kuliko jina la shule.

Basari: hapa tukae kidogo

Mzazi wa kidato cha pili niliyeketi naye kwenye matanga yale alikuwa na fomu tatu ndani ya mkoba, zimekunjwa pamoja na mfuko wa omena. Moja ilikuwa ya NG-CDF. Ya pili ilikuwa ya hazina ya mwakilishi wa kike, NGAAF. Ya tatu ya wadi, kwa pesa za kaunti. Zote zinataka muhuri wa chifu, zote zinataka barua ya shule, na moja inataka cheti cha kifo cha baba. Kila muhuri una safari yake. Alikuwa ameshatumia nauli ya mia sita kutafuta elfu tano ambazo hajui kama atazipata.

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa fomu. Elimu ya msingi, sekondari na vyuo vikuu ni kazi ya serikali kuu. Chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini ni kazi ya kaunti. Ndiyo maana Januari 2025 Mdhibiti wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, aliziandikia kaunti kwamba haziwezi kulipia basari za sekondari bila makubaliano rasmi na serikali kuu. Magavana wakakimbilia kortini, na wazazi wengi wakadhani mwakilishi wadi wao amekula pesa. Huenda wapo waliokula. Lakini ubishi wenyewe ulikuwa ni wa nani mwenye kazi.

Sasa jambo kubwa zaidi. Serikali iliahidi kupeleka shuleni shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya umma. Huo ndio mgao unaofanya elimu iitwe ya bure. Mwaka 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi, ambaye mwenyewe alikuwa mbunge wa Suba Kusini, aliwaambia wabunge kwamba serikali haimudu kuutoa mgao huo wote. Walimu wakuu walikuwa wameshalijua hilo kwa njia yao: muuza mahindi anapokuja kudai.

Tufanye hesabu ya mfano. Shule ina wanafunzi 400. Mgao ukipungua shilingi 5,000 tu kwa kila mmoja, shule imepungukiwa milioni 2. Mwalimu mkuu atafanyaje? Ataongeza karo kwa jina lingine, ya "maendeleo" au ya "motisha", au atafukuza watoto. Sasa mbunge anafika na hundi za 5,000 kwa wanafunzi 60. Hizo ni laki tatu. Picha zinapigwa, akina mama wanapiga vigelegele. Milioni mbili zilipotea mahali alipokuwa na kura, laki tatu zikapatikana mahali penye kamera.

Sisemi basari ni mbaya. Yule mama akipata elfu tano, mtoto wake atakaa darasani mwezi mzima. Ninachosema ni kwamba basari huwa kubwa pale mgao unapokuwa mdogo, na mgao unaamuliwa katika bajeti, na bajeti inapitishwa na watu walewale wanaotuletea basari. Swali la kumuuliza mheshimiwa Jumatatu ofisini si "hundi yangu iko wapi?" pekee. Kuna hili pia: "Bajeti ilipopunguza pesa za shule, wewe ulisemaje, na ulipiga kura gani?"

Kura inapigwaje

Watu wengi wanadhani kila jambo Bungeni hupigiwa kura kwa majina. Hapana. Mara nyingi Spika huuliza, wanaokubali wanaitikia ndiyo kwa sauti, wanaopinga wanasema la, na Spika anaamua upande upi umevuma zaidi. Hapo hakuna jina linaloandikwa. Mbunge anaweza kutoka nje na kukuambia alipinga, na hakuna atakayemshika uongo.

Ni pale kura inapopigwa kwa kuhesabiwa ndipo jina la kila mtu linaingia kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi ya Bunge, ambayo iko wazi kwa yeyote mwenye simu ya intaneti. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipigiwa kura ya aina hiyo. Tarehe 25 Juni 2024, vijana wakiwa barabarani Nairobi, Kisumu, Nakuru na Kakamega, wabunge 195 waliunga mkono na 106 wakapinga, na muda mfupi baadaye waandamanaji walikuwa ndani ya majengo ya Bunge. Kesho yake rais alikataa kuutia sahihi. Orodha ya majina ilizunguka kwenye simu kuliko mahubiri ya Jumapili, na kwa mara ya kwanza watu wa vijijini walikuwa wakitaja kura ya mbunge wao kama wanavyotaja mabao ya Gor Mahia.

Ndipo likaja suala la kumwita mbunge nyumbani kabla ya muhula kuisha. Wengi walisema, kwa nini tusimfute kazi? Ibara ya 104 ya Katiba inatupa haki hiyo. Tatizo ni kwamba sheria iliyotungwa kuielekeza iliwekewa vizuizi vingi, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ikavifuta vipengele vyake. Waliotakiwa kuandika vipya ni wabunge. Mtu huharakisha kunoa kisu cha kuchinjia kuku, si cha kujichinjia.

Kuna na chama. Mbunge haingii ukumbini peke yake. Chama kina kiranja anayejua nani yuko na nani hayuko, na anayekaidi anaweza kupoteza kiti chake katika kamati. Tangu UDA, chama cha rais, na ODM watie sahihi makubaliano yao Machi 2025, wabunge wengi wa Nyanza waliokuwa wakizomea ushuru wamelazimika kujifunza lugha mpya. Ukisikia mheshimiwa anasema "tuipe serikali muda", mara nyingi hayo si maoni yake. Ni ya chama, amepewa ayabebe. Na hakuna haramu hapo, vyama ndivyo vinavyofanya kazi duniani kote. Ila atuambie hivyo.

Barabara, miwa na dawa

Barabara nitaipitia haraka. Barabara kuu na zile zinazounganisha miji ni za mashirika ya serikali kuu: KeNHA, KURA mijini, KeRRA vijijini. Nyingine, kama ile ya kutoka sokoni hadi mtoni, ni ya kaunti. Pesa nyingi za kuzikarabati zinatoka kwenye mafuta. Tangu Julai 2024 ni shilingi 25 kwa kila lita. Kijana wa bodaboda akijaza lita tatu, ameshachangia barabara shilingi 75 kabla mheshimiwa hajaamka. Wabunge na magavana walivutana hadi mahakamani kuhusu bilioni 10.5 za ushuru huo, kila upande ukisema barabara ni zake. Ilhali ikija mvua na kalivati likabebwa, kila upande husema ni ya mwenzake. Kwa hivyo akisema "nitaweka lami", muulize ni barabara ya daraja gani na iko kwenye bajeti ya nani. Kama haiko kwenye karatasi yoyote, hayo ni maoni.

Miwa ni habari nyingine, na ni mfano mzuri kwa sababu hapa mbunge wa kijijini kweli anaweza kugusa sera ya taifa. Sheria ya Sukari ya 2024 ilianza kama mswada wa mbunge wa Navakholo, Emmanuel Wangwe. Ulipitia Bunge la Taifa, ukapitia Seneti, na Novemba 2024 ukatiwa sahihi. Ulirudisha Bodi ya Sukari na tozo ya asilimia 4 kwa sukari, inayozalishwa hapa na inayoagizwa, ili zirudi kwenye utafiti, ukuzaji wa miwa na barabara za mashambani. Huo ni mfano wa wasiwasi wa nyumbani kugeuka sheria, na hakuna hundi iliyopigwa picha.

Lakini sheria hiyohiyo haimpi mbunge mamlaka ya kupandisha bei ya tani. Bei inapendekezwa na kamati ambamo wakulima na viwanda wanawakilishwa. Viwanda vinne vya serikali, Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony, vilikodishwa kwa wawekezaji mwaka 2025 kwa miaka 30, na hilo lilikuwa uamuzi wa serikali kuu. Usagaji ulipositishwa Julai 2025 huku magharibi kwa sababu viwanda vilikuwa vikivuna miwa michanga, ilikuwa amri ya Bodi. Kaunti nayo ina kazi ya maafisa wa kilimo wanaopaswa kufika shambani. Mkulima anayeuliza "kwa nini trekta halijaja?" anaweza kuwa anauliza watu wanne tofauti, na kila mmoja ana namba ya mwenzake ya kukupa.

Mheshimiwa anaposema "bei itapanda", anabashiri, kama mimi ninavyoweza kubashiri mvua. Anachoweza kufanya ni kumwita waziri. Tangu Bunge hili la kumi na tatu, mawaziri hufika ukumbini kujibu maswali ya wabunge, na swali lako likiulizwa huko jibu linaandikwa. Wananchi wenyewe pia wanaweza kupeleka ombi Bungeni bila kupitia kwa mtu. Ibara ya 119 inaruhusu. Sijaona kijiji kinachotumia haki hiyo nusu ya kinavyotumia barua za kuomba viti vya plastiki.

Dawa: hapo alisema kweli nusu. Zahanati na hospitali za kaunti ni za gavana. Hospitali za rufaa za kitaifa ni za serikali kuu. Lakini pesa za SHA, zile asilimia 2.75 za mapato, zisizopungua shilingi 300 kwa mwezi hata kwa asiye na mshahara, zinakusanywa na kulipwa na serikali kuu tangu Oktoba 2024. Hospitali ya kaunti ikicheleweshewa malipo na SHA, rafu ya dawa inabaki tupu, na mgonjwa anaona tu nembo ya kaunti langoni. Sheria iliyoleta SHA ilipita Bungeni. Kumtupia gavana mzigo wote ni kuruka sehemu ya hadithi ambayo msimulizi mwenyewe alikuwemo.

Mzee na karatasi yake

Wiki moja baada ya mazishi nilikutana na yule mzee wa stendi kwenye saiba ya soko. Alikuwa amemwomba mjukuu amtafutie Hansadi ya siku ile ya Juni, na sasa walikuwa wanachapisha kurasa za majina, shilingi kumi kila ukurasa. Alivaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, akaketi kwenye benchi la nje, akaanza kushuka na kidole kwenye orodha ya waliounga mkono. Alifika mwisho. Akageuza, akashuka tena kwenye orodha ya waliopinga, polepole zaidi, midomo ikisoma kila jina.

"Hayuko," akasema.

Mjukuu akamwambia labda ameruka. Mzee akarudia orodha zote mbili tangu juu. Siku ile zaidi ya wabunge arobaini hawakupiga kura kabisa. Alipomaliza mara ya pili alikunja karatasi mara nne, akaziweka kwenye mfuko wa koti ambamo fomu ya basari ya mjukuu ilikuwa inangoja muhuri, na akaniuliza kama ninajua ofisi ya mheshimiwa hufunguliwa saa ngapi Jumatatu.